Kompyuta ya kwanza ya kujiundia: mnara wa mtumba, Ryzen 5 5600G au Core i3-12100F?

Mtu wa Unguja au Pemba anayetaka kujiundia kompyuta ya kwanza kwa pesa za kubana ana njia tatu zenye maana. Ya kwanza ni kununua mnara wa mtumba uliotoka ofisini ng'ambo, akauongezea SSD (diski ya kasi isiyozunguka) na ramu (kumbukumbu ya muda). Ya pili ni kuunda mashine mpya kwa prosesa (chipu kuu ya hesabu) ya Ryzen 5 5600G, ambayo hutoa picha yenyewe bila kadi ya grafiki. Ya tatu ni Core i3-12100F pamoja na kadi ya grafiki.

Kwengine duniani ulinganisho wa namna hii huwa ni wa kasi tu. Visiwani kuna mambo matatu yanayotangulia kasi: umeme, chumvi ya bahari, na safari ya boti pale kifaa kinapotoka kibovu. Kipande chenye kasi ndogo lakini kinachovumilia umeme na kinachopatikana sokoni Darajani, mjini Unguja, wiki ijayo ni bora kuliko kipande cha ajabu ambacho kikiharibika kinarudi Dar es Salaam au Dubai.

Mnara wa ofisini

Kwa kazi unayoipata kwa kila shilingi, hakuna kinachoushinda mnara wa ofisini, mradi ujue kizazi chake. Soma namba inayofuata baada ya i5. Ikiwa ni 6500, hicho ni kizazi cha sita. Ikiwa ni 8500, ni cha nane, na cha nane ndio mpaka. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Mnara kama Dell OptiPlex 7060 au HP EliteDesk 800 G4 wenye i5-8500 una viini 6 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba) na unapita kwenye sharti hilo. Wenye i5-6500 una viini 4 na haupiti. Huo ununue tu ikiwa uko tayari kutumia Linux Mint au Ubuntu, ambazo zinakwenda juu yake bila shida yoyote. Muuzaji atakwambia Windows 11 ipo ndani na inafanya kazi. Inaweza kuwa kweli, kwa kuwa sharti hilo lina njia za kukwepwa, lakini masasisho makubwa yanaweza kukukwama baadaye na hutakuwa na wa kumuuliza.

Udhaifu wa minara hii uko kwenye pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani) na mazabodi (bodi kuu). Mazabodi ya kawaida hupokea umeme kwa kichwa cha pini 24. Minara mingi ya Dell na HP hutumia vichwa vyao wenyewe, vya pini chache, na pawa saplai yenye umbo lao. Ikiungua, ile ya dukani haiingii. Lazima upate ya mnara wa aina hiyohiyo, au waya wa kubadilishia kichwa. Tena nyingi ni za wati 200 na kitu, kwa hiyo kadi ya grafiki unayoweza kuongeza ni ile inayokula umeme wa nafasi yake peke yake, usiozidi wati 75, kama GTX 1650 isiyo na kichwa cha umeme cha pembeni.

Umbo nalo liangalie. Kuna mnara mrefu, kuna ule mwembamba unaolala chini ya skrini, na kuna kidogo cha ukubwa wa kitabu. Ule mwembamba unapokea kadi za kimo kifupi tu, na hizo ni adimu. Kile cha kitabu hakipokei kadi kabisa na kinatumia ramu ya laptopu. Anayeanza achukue mrefu.

Kuna sababu mpya ya kuutazama mnara kwa heshima. Mwishoni mwa 2025 bei za ramu zilipanda sana duniani kote, kwa sababu viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye mashine za akili mnemba. Mnara wa mtumba unakuja na ramu yake ndani, na ramu hiyo ya DDR4 inaweza kuhama baadaye kwenye mashine mpya ya njia ya pili au ya tatu, ikiwa ni kijiti kirefu cha kompyuta ya mezani. Kabla ya kulipa, fungua kifuniko uhesabu vijiti.

Ryzen 5 5600G na Core i3-12100F

Hapa ndipo watu wanapobishana zaidi, na ndipo makosa ya pesa nyingi yanapofanyika.

5600G ilitoka 2021. Ina viini 6 na nyuzi 12 (kazi zinazokwenda kwa wakati mmoja), inakaa kwenye soketi (tundu la prosesa kwenye mazabodi) ya AM4, na ina grafiki ya Vega ndani yake. Core i3-12100F ilitoka 2022. Ina viini 4 na nyuzi 8, inakaa kwenye soketi ya LGA1700. Kiini kimoja cha i3 kina kasi kuliko kiini kimoja cha 5600G, kwa hiyo kufungua programu na michezo mingi hujibu haraka zaidi. Kazi inayotumia viini vyote, kama kutoa video ya harusi ya saa 2 baada ya kuihariri, 5600G inatangulia.

Ile herufi F mwishoni mwa jina la i3 si pambo. Maana yake prosesa haina grafiki. Ukiinunua bila kadi, feni zitazunguka, taa zitawaka, na skrini itabaki nyeusi. Hilo ndilo kosa linalorudisha watu dukani kuliko jengine lolote. Ipo i3-12100 isiyo na F, yenye grafiki ndogo ya UHD 730. Kwa ofisi na skuli inatosha kabisa, na inafungua video za mtandaoni za aina ya AV1 kwa wepesi, jambo ambalo grafiki ya 5600G haina nyenzo zake na huiachia prosesa. Kwa michezo, Vega ya 5600G inaiacha mbali.

Pesa nazo zina mpangilio tofauti. 5600G unailipia mara moja na mashine inakamilika siku hiyohiyo. i3-12100F ni rahisi yenyewe, lakini haifanyi kitu mpaka kadi ifike. Ikiwa kadi utainunua "mwezi ujao", usianze na F.

| | Mnara wa i5-8500 | Ryzen 5 5600G | i3-12100F na kadi |
|---|---|---|---|
| Ofisi, skuli, mtandao | Inatosha | Inatosha na ziada | Inatosha na ziada |
| Kuhariri video | Pole pole | Nzuri | Nzuri sana, kutegemea kadi |
| Michezo | Ya zamani tu | Mepesi, kwa picha za chini | Mingi ya sasa |
| Pawa saplai ikiungua | Shida | Ya kawaida | Ya kawaida |
| Kukaa kwenye UPS ndogo (betri ya akiba) | Vizuri | Vizuri | Kwa dakika chache |
| Kukua baadaye | Kidogo | Wastani | Zaidi |

Mstari wa UPS una uzito. 5600G bila kadi, ikifanya kazi kwa nguvu zote, mashine nzima inakula kama wati 100 na ushei. i3-12100F inaweza kufika wati 89 peke yake, na kadi kama RX 6600 inaongeza wati 132. UPS ileile itakupa muda chini ya nusu.

Kwa hukumu ya jumla: aliye Pemba, au aliye mbali na mji kama Makunduchi au Nungwi, ambaye kazi yake ni skuli, ofisi na video za kiasi, achukue 5600G. Ina vipande vichache, na kila kipande kilichopungua ni kitu kimoja kidogo cha kuharibika. Anayetaka michezo ya kweli au kazi za michoro ya 3D aende njia ya tatu, lakini awe na pesa ya kadi mkononi na UPS ya maana. Mnara ni wa anayetaka kompyuta ifanye kazi Jumatatu na mfuko hauruhusu zaidi.

Mazabodi

Kwa 5600G, bodi yenye chipu ya A520 inatosha. B550 inakupa nafasi zaidi za diski na vijiti, ichukue tofauti ya bei ikiwa ndogo. B450 ni nzuri pia lakini ina mtego: nyingine zilitoka kiwandani kabla ya 5600G kuzaliwa, na BIOS yake, programu ya ndani ya bodi inayoiamsha mashine, haiijui prosesa hiyo. Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako ikiwa na 5600G ndani. Asipokuwa nayo, tafuta bodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa fleshi bila prosesa, la sivyo utahitaji kuazima prosesa ya zamani kwa dakika kumi, na katika kisiwa kidogo hilo linaweza kuchukua wiki mbili.

Kwa i3, chipu ya H610 ndiyo ya bei ya chini. Soma boksi kwa makini: zipo H610 za DDR4 na zipo za DDR5, na ramu ya moja haiingii kwenye nyingine. Nafasi za ramu aghalabu ni 2 tu, kwa hiyo panga mapema.

Ukinunua mazabodi au prosesa ya mtumba, jua pini ziko wapi. Soketi ya Intel ina pini kwenye bodi yenyewe, nyembamba kama nywele. Washa tochi ya simu, tazama kwa ubavu. Safu zote zing'are sawasawa. Penye kivuli au pini iliyolala, achana nayo, maana kuinyoosha ni kazi ya wachache. Prosesa za AM4 zina pini chini ya prosesa, na zikipinda kidogo zinanyooshwa kwa wembe au kwa ncha ya penseli ya kubonyeza, pole pole. Hatari ya AM4 iko wakati wa kufungua: pesti ya kupitisha joto ikikauka, hitisinki (chuma cha kupozea) hung'oka pamoja na prosesa na kupinda pini. Iwashe mashine dakika kumi ipate joto, izime na uchomoe waya, kisha zungusha hitisinki kushoto na kulia kabla ya kuivuta juu.

Ramu na diski, kwa ufupi

Chukua vijiti viwili vya GB 8, usichukue kimoja cha GB 16. Kwa 5600G hili ni lazima. Grafiki yake haina kumbukumbu yake mwenyewe, inaazima ramu. Kijiti kimoja cha DDR4-3200 kinapitisha GB 25.6 kwa sekunde, viwili GB 51.2. Ukiweka kimoja, michezo inashuka kwa kiasi ambacho jicho linaona, na watu wanailaumu prosesa bure. Ukishawasha, ingia BIOS uwashe XMP (mpangilio wa kasi kamili ya ramu), maana vijiti vya 3200 mara nyingi huanza kwa 2133 au 2666.

Diski ya kuanzia ni SSD ya GB 500. Ya NVMe, njia mpya, inafika MB 3,000 kwa sekunde na zaidi, ya SATA, njia ya zamani, inaishia kama MB 550; kwa kazi za kila siku tofauti hiyo huihisi kidogo, lakini bei zao zimekaribiana, kwa hiyo chukua NVMe. Zinafanana umbo na SATA za M.2, yaani za kijiti, soma kibandiko. Hadi diski (HDD), ile ya kuzunguka, iwe ya kuhifadhia tu. Umeme ukikatika inapoandika, inaweza kuumia.

SSD na fleshi za bei ya ajabu zenye maandishi ya TB 2 nyingine zimedanganywa uwezo. Programu ya H2testw inaandika mpaka ijae kisha inasoma tena; ya uongo inaumbuka hapo.

Pawa saplai: hapa usibane

Kamba hukatikia pembamba, na kwenye kompyuta za bei nafuu pembamba ni hapa. Pawa saplai mbovu haifi peke yake. Inaweza kuondoka na mazabodi, SSD na kadi. Katika kila shilingi 100 za mashine ya 5600G, tenga 12 hadi 15 kwa ajili yake, na ubane kwenye kasha au rangi za taa kabla ya kuigusa hii.

Usiamini namba kubwa iliyochapishwa ubavuni. Tafuta kibandiko chenye jedwali, angalia safu ya +12V, kisha zidisha: volti 12 mara ampea. Iliyoandikwa "500W" huku +12V ikiwa na ampea 17 inatoa wati 204 tu kwa prosesa na kadi. Nyingine zimehesabiwa kwenye njia za volti 3.3 na 5, ambazo kompyuta ya sasa haizitumii sana. Ya wati 450 iliyo ya kweli itakuwa na ampea 35 au zaidi kwenye +12V. Hiyo inatosha njia ya pili kwa raha, na njia ya tatu yenye RX 6600 pia.

Kisha tazama waya. Kwenye ngozi yake huandikwa unene kwa namba ya AWG, na namba ndogo ndiyo nene: 18 ni sawa, 22 ni nyembamba mno kubeba kadi. Inyanyue pia. Nyepesi kama boksi tupu ina vyuma vichache vya kupozea ndani, ingawa uzito peke yake si ushahidi.

Pawa saplai za mtumba, khasa za zamani, zina swichi ndogo nyekundu kwa nyuma, ya kuchagua 115 au 230. Umeme wetu ni volti 230. Ikiwa imewekwa 115, mzunguko wa ndani unaongeza volti maradufu, na kapasita zinapasuka kwa mlio mara tu unapochomeka. Iangalie kabla ya plagi kugusa ukuta, hata kama muuzaji amesema ameshaijaribu.

Na zile za waya za kuchomoa: waya za kampuni moja usizitie kwenye pawa saplai ya kampuni nyingine. Kichwa kinaingia, lakini mpangilio wa pini upande wa pawa saplai haufanani, na volti 12 inakwenda mahali pa volti 5. SSD inakufa papo hapo.

UPS, stabilaiza au friji gadi?

Umeme wa Unguja unavuka bahari kwa waya wa chini ya maji kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Wa kwanza ulilazwa 1980, mkubwa zaidi ukaongezwa 2013. Pemba imeunganishwa na upande wa Tanga tangu 2010. Waliokuwepo Unguja wanaikumbuka miezi mitatu ya giza kati ya Disemba 2009 na Machi 2010. Siku hizi tatizo la kompyuta ni kukatika kwa muda mfupi, kushuka volti jioni watu wote wakiwa na pasi na feni, na ule mrusho unaokuja umeme unaporudi.

Friji gadi inakata volti zikitoka nje ya mipaka na kusubiri dakika chache kabla ya kurudisha. Inazuia mrusho wa marejeo, lakini kompyuta inazimika ghafla kila inapokata. Stabilaiza inanyanyua volti zilizoshuka, lakini umeme ukikatika haina la kufanya. UPS inafanya yote mawili kwa kiasi na kukupa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima. Ukiwa na pesa ya kimoja, chukua UPS yenye AVR (stabilaiza ya ndani). Ukiongeza friji gadi mbele yake, betri itapumzika.

UPS ya VA 650 ina wati 360 hadi 390, na ndani yake betri moja ya volti 12, ampea-saa 7. Kwa mashine ya wati 150 pamoja na skrini hesabu kama dakika kumi betri ikiwa mpya. Joto huiua betri hiyo: kila nyuzi 10 hivi juu ya 25, umri wake hupungua karibu nusu. Katika chumba cha nyuzi 32 usitarajie zaidi ya miaka miwili au mitatu, na usiifungie kabatini. Inabadilishwa kwa bisibisi, na ya ampea-saa 7 si ngumu kuipata. Usichomeke printa ya leza kwenye UPS. Inavuta umeme mwingi kwa kishindo.

UPS za bei nafuu zinatoa umeme wa mawimbi ya ngazi badala ya yale laini ya ukutani. Pawa saplai bora zenye PFC hai (mzunguko unaorekebisha mvuto wa umeme) zinaweza kuyakataa: umeme unakatika, UPS inalia, na kompyuta inazimika hapohapo. Lijaribu hili siku ya kwanza kwa kuzima swichi ya ukutani mashine ikiwa kazini, kabla hujaweka kitu cha maana ndani. Ikizimika, jaribu UPS kubwa zaidi au tafuta yenye mawimbi laini.

Waya wa tatu wa ardhini usiudharau. Ukitumia adapta ya pini mbili au ekstensheni isiyo na ardhini, kasha litachomachoma vidole. Ule ni umeme mdogo unaovuja kupitia kichujio cha pawa saplai, na unapaswa kwenda ardhini. Haukuui, lakini ukichomeka waya wa HDMI mashine ikiwa imewaka, njia unayoupa ni tundu la kadi au la skrini. Fundi umeme apime soketi ya chumba hicho kabla ya mashine kufika.

Kadi ya grafiki ya mtumba

RX 6600 ya GB 8 ndiyo ya kutafuta kwa njia ya tatu: wati 132, kichwa kimoja cha pini 8. RX 580 ni rahisi zaidi, lakini inakula wati 185, ya mwaka 2017, na nyingi zilichimba sarafu za mtandaoni mchana na usiku. GTX 1050 Ti na ndugu zake wa mfululizo wa 10 NVIDIA imewamalizia draiva za michezo Oktoba 2025. Kwa kazi nyepesi bado zinafaa, lakini usizilipie bei ya zamani.

RX 6500 XT inaonekana mpya na ya bei nzuri. Iache. Ina njia 4 tu za kupitisha data, na ukiitia kwenye A520 au pamoja na 5600G, ambazo ni za PCIe 3.0 (kizazi cha zamani cha njia hizo), kasi inaporomoka.

Kadi bandia zipo, khasa za jina la 1050 Ti ambazo ndani ni chipu za miaka mingi nyuma zilizobadilishwa jina. Programu ya GPU-Z inaonyesha chipu ya kweli. Kisha iendeshe FurMark, programu ya kuipa kadi kazi nzito, dakika kumi: picha isiwe na madoa, feni zisilie.

Kasha, chumvi na joto

Chagua kasha lenye wavu mbele, si kioo. Chumba kikiwa nyuzi 32 na prosesa ikipanda 45 juu ya hapo, inafika 77, bado salama. Kioo mbele kinaongeza joto na feni zinapiga kelele usiku kucha. Weka feni mbili za kuingiza hewa mbele na moja ya kutoa nyuma, ili hewa ipite kwenye vichujio badala ya kuvutwa na vumbi lake kupitia nyufa.

Nyumba za karibu na maji, Jambiani, Paje au Mkoani, zina adui mwengine. Unyevu wenye chumvi unatua juu ya bodi, unakula shaba, na bati la nyuma la kadi linapata kutu. Usiiweke mbele ya dirisha la upande wa kusi. Mashine inayowaka kila siku inakaa kavu. Inayozimwa wiki nzima wakati wa masika ndiyo inayonyonya unyevu. Ikizimwa ifunike kwa kanga, si kwa plastiki, maana plastiki inafungia unyevu ndani. Ikitoka chumba cha kiyoyozi kwenda ukumbini, isubiri saa moja kabla ya kuwashwa.

Kompyuta iliyokataa ghafla kutoa picha baada ya mvua mara nyingi inahitaji jambo moja tu: chomoa umeme, toa vijiti vya ramu, sugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, futa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, rudisha. Ukipuliza vumbi, shika pangaboi la feni kwa kidole lisizunguke.

Kununua na kuunganisha

Ukinunua Darajani unalipa zaidi kidogo kuliko Kariakoo, lakini kipande kibovu unakirudisha kwa daladala badala ya boti. Kwa hiyo pawa saplai, mazabodi na UPS nunua karibu na nyumbani, hata kwa nyongeza. Ramu, SSD na kasha haziharibiki sana, hizo agiza popote penye bei. Wa Wete na Chake Chake ambao duka la karibu halina kitu, agizeni vyote kwa muuzaji mmoja, ili mazabodi na prosesa zijaribiwe pamoja kabla ya kupanda boti. Risiti iandikwe namba ya seri ya kila kipande.

Ukifika nyumbani usiharakie kasha. Weka mazabodi juu ya boksi lake la karatasi, tia prosesa, pesti kiasi cha punje ya choroko, hitisinki, na ramu, na kadi kwa mwenye i3-12100F. Kwa bodi ya nafasi 4, vijiti viingie ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Prosesa iliyouzwa bila boksi haina hitisinki, uliza mapema. Chomeka pini 24 na kile kichwa cha pini 8 juu karibu na prosesa. Kikisahauliwa, feni zinazunguka na skrini haioni kitu. Feni ya prosesa iende kwenye CPU_FAN. Gusanisha pini mbili za swichi ya kuwashia kwa ncha ya bisibisi. Ukiona BIOS, kila kitu ni kizima, na sasa ndipo inaingia kasha.

Ndani ya kasha hesabu vijiguu vya shaba vinavyoibeba bodi vilingane na matundu ya bodi, kimoja kwa kimoja. Kilichozidi kinagusa nyuma ya bodi na mashine inawaka sekunde moja kisha inazima. Mwenye kadi achomeke skrini kwenye kadi, si kwenye bodi. Kisha iendeshe MemTest86, programu ya kupima ramu, usiku mmoja kabla ya kuweka Windows. Kosa hata moja, kijiti kinarudi dukani asubuhi.